Mfupa umevunjika kwenye kiungo: eksirei inatosha, au unahitaji CT scan?

Ajali za bodaboda, kuanguka kutoka kwenye mti wa parachichi, kuteleza na mkungu wa ndizi mabegani wakati wa mvua: hakuna kijiji cha Karagwe au Kyerwa kisichojua habari hizi. Majeruhi anapofika hospitali na kuambiwa mfupa umevunjika, familia huuliza swali moja kubwa: apigwe picha gani? Wengine huambiwa eksirei inatosha. Wengine huambiwa waende Bukoba au Mwanza kwa ajili ya CT scan, na hapo ndipo ng'ombe au gunia la kahawa linapouzwa.

Katika makala haya tunaeleza kazi ya kila kipimo, ni wakati gani safari ya mbali ina maana, na ni wakati gani kusubiri picha kunaweza kumgharimu mgonjwa mguu wake. Jambo la msingi tunalotaka ulishike ni hili: kipimo kinachofaa ni kile kitakachomsaidia daktari kuamua matibabu. Kama jibu la picha halitabadilisha chochote katika matibabu, hakuna sababu ya kuuza ng'ombe kwa ajili yake.

Kwa nini kiungo ni tofauti

Mfupa wa muundi ukivunjika katikati, daktari huangalia zaidi kama umenyooka, haukujizungusha na haukupungua urefu. Haya yakiwa sawa, mfupa unaweza kuunga na mtu akarudi shambani, hata kama vipande havikugusana kikamilifu.

Kwenye kiungo mambo ni mengine. Ncha za mifupa ndani ya goti, nyonga, kiwiko au kifundo cha mguu zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza. Mfupa ukipasuka hadi ndani ya kiungo, sehemu ya uso huo inaweza kuzama au kupanda na kuacha ngazi. Kwenye kifundo cha mkono, madaktari wengi huanza kufikiria upasuaji ngazi hiyo inapofika karibu milimita 2. Ikiachwa, kiungo husagika kila kinapokunjwa, maumivu hudumu, na baada ya muda kiungo hukakamaa au kuchakaa.

Kwa mkulima wa kahawa na migomba, goti lisilokunja lina maana ya kushindwa kuchutama, kushindwa kushuka mteremko na mzigo, na kushindwa kupalilia. Ndiyo maana mvunjiko wa kiungo unahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko mvunjiko wa kawaida.

Eksirei: picha ya kwanza kwa karibu kila mgonjwa

Mionzi ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895 na Wilhelm Röntgen, mwanafizikia wa Ujerumani. Hadi leo ndiyo picha ya kwanza kwa mtu anayehisiwa kuvunjika. Inapatikana katika hospitali nyingi za ngazi ya wilaya, inachukua dakika chache, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na vipimo vingine.

Udhaifu wake ni kwamba eksirei ni kivuli. Fikiria mkungu wa ndizi umeangaziwa na tochi, na wewe unatazama kivuli chake ukutani. Utajua ni mkungu, utajua ukubwa wake, lakini hutaweza kuhesabu ndizi zilizo nyuma ya nyingine. Mifupa ya kiungo nayo hufunikana kwa namna hiyo hiyo kwenye picha.

Kwa sababu hiyo, picha moja haitoshi. Eksirei ya kiungo inatakiwa kupigwa angalau kutoka pande 2: moja kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni. Mvunjiko unaweza kuonekana umekaa vizuri ukiutazama kutoka mbele, kumbe kutoka ubavuni kipande kimesogea kabisa. Viungo vingine vinahitaji picha ya tatu. Kifundo cha mguu, kwa mfano, hupigwa pia mguu ukiwa umegeuzwa kidogo kwa ndani, ili nafasi ya kiungo ionekane pande zote. Na ikiwa mfupa mrefu umevunjika, picha inapaswa kuonyesha kiungo cha juu yake na cha chini yake.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu eksirei iliyopigwa vizuri kutoka pande zote zinazohitajika huweza kumwondolea mgonjwa safari ya CT scan. Ukipewa picha ya upande mmoja tu, si utovu wa adabu kuuliza kwa upole: "Daktari, picha ya ubavuni ipo?"

Wapo wanaoogopa mionzi. Eksirei ya mkono au mguu hutumia mionzi kidogo sana, pungufu ya ile ambayo mwili hupokea kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Mama mjamzito anapaswa kusema kuwa ni mjamzito, lakini asikatae picha ya mkono au kifundo cha mguu kwa sababu hiyo peke yake. Mtoto aliye tumboni yuko mbali na eneo linalopigwa.

CT scan: kumkatakata kivuli

CT scan pia hutumia mionzi ya eksirei, ila mashine humzunguka mgonjwa na kompyuta hukusanya picha nyingi nyembamba, kama mtu anayekata ndizi vipande vipande ili aone kilichomo. Mgonjwa wa kwanza alipigwa mwaka 1971 huko London kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mahesabu yaliyoweka msingi wa kazi hiyo yalianzwa Afrika: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo hilo akiwa Cape Town mwaka 1956. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Kwa mvunjiko wa kiungo, CT scan inajibu maswali ambayo kivuli hakiwezi: vipande ni vingapi, kila kipande kimeelekea wapi, uso wa kiungo umezama kiasi gani, na kama kuna kipande kimenaswa ndani. Daktari wa upasuaji hutumia majibu hayo kuamua kama atapasua, apasue kutokea upande gani, na aweke vyuma wapi.

Mivunjiko ambayo mara nyingi huhitaji CT scan ni hii:

- Sehemu ya juu ya muundi inayobeba goti, hasa ikiwa imezama au imepasuka pande zote mbili. Huonekana sana kwa waliogongwa na gari au kuanguka na pikipiki.
- Tundu la nyonga, pale kichwa cha fupa la paja kinapoingia. Mifupa ya nyonga imefunikana sana, na eksirei ya kawaida huficha mengi.
- Sehemu ya chini ya muundi kwenye kifundo cha mguu, ikiwa imesagika kwa mtu aliyeanguka kutoka juu.
- Kisigino. Anayeanguka kutoka mtini na kutua kwa miguu huweza kukipasua hadi ndani ya kiungo. Mtu huyo akaguliwe pia uti wa mgongo, kwa sababu nguvu ile ile hupanda juu.
- Kiwiko au bega lililovunjika vipande vingi.
- Kifundo cha mkono, endapo eksirei inaonyesha uso wa kiungo umesagika na upasuaji unafikiriwa.

Kwa upande mwingine, mvunjiko usiosogea na usioingia kwenye kiungo kwa kawaida hauhitaji CT scan. Na mgonjwa ambaye kwa sababu ya afya yake hawezi kabisa kufanyiwa upasuaji, huenda CT scan isimsaidie. Hapo ndipo swali la msingi linaporudi: jibu litabadilisha nini?

Kuhusu mionzi, CT scan hutumia mingi zaidi ya eksirei. CT ya nyonga inaweza kufikia kiasi ambacho mwili hupokea kiasili kwa miaka 2 hadi 3, wakati ya kifundo cha mkono au cha mguu ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Si sababu ya kuikataa inapohitajika, lakini ni sababu ya kutoirudia ovyo, hasa kwa watoto na kwa mama mjamzito.

MRI na ultrasaundi

MRI haitumii mionzi ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu sana, na huonyesha vizuri vitu laini: kano, gegedu, misuli, na uvimbe ulio ndani ya mfupa wenyewe. Ni kipimo kizuri pale goti linapolegea baada ya kano kukatika, au pale mfupa unapohisiwa kuwa na ufa ambao eksirei haikuuona. Lakini kwa kuhesabu vipande vya mfupa kabla ya upasuaji, CT scan ndiyo hutangulia. Usidhani MRI ni bora kwa kila kitu kwa sababu tu bei yake ni kubwa. Jembe na panga vina kazi tofauti.

Kabla ya MRI, mwambie mhudumu kama una chuma mwilini, kifaa cha moyo, au kama kipande cha chuma kiliwahi kukuingia jichoni.

Ultrasaundi haioni ndani ya mfupa. Hata hivyo inaweza kuonyesha maji au damu iliyojaa kwenye kiungo, kano iliyokatika, na mtiririko wa damu kwenye mishipa.

Eksirei safi, maumivu makali

Kuna mivunjiko inayojificha kwenye picha ya kwanza. Tunataja mitatu ambayo kila familia inafaa kuijua.

Wa kwanza ni kifupa kidogo cha kifundo cha mkono kilicho upande wa dole gumba. Mtu huanguka, hujikinga kwa kiganja, eksirei inaonekana safi, lakini kile kibonde kilicho chini ya dole gumba kinauma kikibonyezwa. Mkono hufungwa kama uliovunjika, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, ambapo ufa huanza kuonekana. Anayepuuza kurudi anaweza kuishia na mfupa usiounga.

Wa pili ni nyonga ya mzee. Bibi ameteleza uani, eksirei haionyeshi kitu, lakini hawezi kukanyaga wala kuinua mguu kitandani. Huyo asirudishwe nyumbani kwa dawa za maumivu pekee. MRI ndiyo kipimo kinachoona vizuri zaidi ufa wa aina hiyo, na pasipo na MRI, CT scan hutumika. Akilazimishwa kutembea, ufa mdogo unaweza kuachana na kuwa mvunjiko kamili.

Wa tatu ni mtoto. Mifupa ya mtoto ina sehemu za kukua karibu na viungo, na sehemu hizo ni laini, hazionekani vizuri kwenye eksirei. Kwenye kiwiko hasa, wakati mwingine daktari hupiga picha ya mkono mzima pia ili kulinganisha. Mtoto aliyeumia sehemu ya kukua huhitaji kufuatiliwa, kwa sababu mfupa unaweza kukua ukiwa umepinda.

Na kwa kifundo cha mguu kilichoteguka, kuna kanuni iliyotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Kama mtu ameshindwa kupiga hatua 4 mara tu baada ya kuumia na hata alipofika kwa mhudumu, au mfupa unaotokeza upande wa ndani au wa nje unauma ukibonyezwa kwa nyuma au kwenye ncha yake, anahitaji eksirei.

Haya hayasubiri picha ya mbali

Yapo mambo ambayo matibabu huanza kwanza, na CT scan hufuata baadaye:

- Mfupa umetoboa ngozi, au kuna kidonda karibu na mvunjiko. Mgonjwa anahitaji dawa ya kuzuia maambukizi, chanjo ya pepopunda na kusafishwa mapema.
- Mguu au mkono umepoa, umebadilika rangi, umekufa ganzi, au mapigo ya damu hayasikiki chini ya jeraha.
- Kiungo kimechomoka. Nyonga iliyochomoka inatakiwa kurudishwa haraka, ikiwezekana ndani ya saa 6, kwa sababu damu inayolisha kichwa cha fupa la paja inaweza kukatika. CT scan hupigwa baada ya kurudishwa, ili kuona kama kuna kipande kilichobaki ndani.
- Maumivu yanazidi badala ya kupungua, msuli umekaza kama jiwe, na kunyoosha vidole kunauma sana. Hii inaweza kutokea hata ndani ya P.O.P iliyobana. Rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kupanga safari

Kwa wakazi wa Karagwe, mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho jirani au hospitali kama Nyakahanga. Upande wa Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, wapo wanaoanzia Isingiro. Hapo jeraha hukaguliwa, mguu hufungwa gango, na eksirei hupigwa. Kabla ya kumpakia mgonjwa, ufungeni mguu au mkono kwa mbao au maboksi yaliyokunjwa, bila kuunyoosha kwa nguvu. Mgonjwa aliyevunjika nyonga au goti asipakiwe kwenye bodaboda.

Ngazi inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Katika miaka ya karibuni serikali imepeleka mashine za CT scan katika hospitali za rufaa za mikoa, hivyo si kila mgonjwa analazimika kuvuka mkoa. Juu yake ipo Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda, na mwisho Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Anayekwenda Mwanza kwa barabara kupitia Geita sasa hasubiri tena kivuko, baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025.

Kabla ya kuondoka, mwombeni daktari wa wilaya apige simu anakowapeleka aulize mambo manne: mashine inafanya kazi leo? Daktari bingwa wa mifupa yupo? Anataka kipimo gani hasa? Na kadi ya bima ya mgonjwa inagharamia nini? Daktari anaweza pia, kwa ridhaa ya mgonjwa, kumtumia bingwa picha ya eksirei kwa simu. Mara nyingine jibu huwa ni kubaki na kutibiwa hapo hapo. Na ikiwa upasuaji utafanyika Mwanza, ni vyema bingwa wa Mwanza aseme mapema anataka picha ipi, ili msilipie kipimo mara mbili.

Kuhusu muda: mivunjiko mingi ya viungo inayohitaji upasuaji hufanyiwa ndani ya wiki 2 hadi 3 za kwanza. Baada ya hapo vipande huanza kushikana vikiwa vimepinda, na kazi ya kuvirudisha inakuwa ngumu. Lakini msishangae mkiambiwa msubiri siku 7 au hata 14 ili uvimbe upungue. Ngozi iliyovimba ikipasuliwa mapema inaweza kukataa kufunga. Wakati mwingine mguu huwekewa vyuma vya nje kwanza ili kuuvuta, kisha CT scan hupigwa vipande vikiwa vimenyooka, ndipo upasuaji kamili hupangwa. Kwa hiyo familia ina muda wa kutafuta fedha na usafiri, ila muda huo si miezi.

Kwa ajali ya barabarani, ndugu mmoja ashughulikie fomu ya polisi, PF3, huku wengine wakiendelea na mgonjwa. Na popote mnapokwenda, bebeni picha zenyewe na karatasi ya rufaa. Kama picha ni za kwenye kompyuta, ombeni CD. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu inasaidia, lakini haichukui nafasi ya filamu. Msikunje filamu, na msizitupe baada ya kupona.

Kuhusu waunga mifupa wa jadi

Tunafahamu kuwa familia nyingi huanzia kwa mwunga mifupa, na wapo waliopona. Mfupa uliovunjika katikati bila kusogea huweza kuunga ukitulizwa tu. Lakini mikono haiwezi kuona uso wa kiungo uliozama ndani ya goti, na kukanda kiungo kilichovunjika husogeza vipande na kuongeza uvimbe. Kufunga kwa kubana sana kunaweza kukata damu. Ombi letu ni kwamba jeraha lolote lililo kwenye kiungo lipigwe eksirei kwanza. Mkishajua kilichovunjika, mtaamua mkiwa na ukweli mkononi.

Maswali ya kumuuliza daktari

Andika maswali haya kwenye simu yako, kisha uyasome ukiwa chumba cha daktari:

1. Mvunjiko umeingia ndani ya kiungo?
2. Eksirei imepigwa kutoka pande ngapi, na zinatosha?
3. Tukipiga CT scan au MRI, jibu litabadilisha nini katika matibabu?
4. Tunaweza kusubiri kwa siku ngapi bila madhara?
5. Dalili gani zikitokea njiani au nyumbani tunatakiwa kurudi mara moja?
6. Picha irudiwe lini?

Daktari mzuri hatachukizwa na maswali haya. Jibu la swali la tatu ndilo litakalowaambia kama safari inafuata, au kama eksirei mliyonayo mkononi imeshamaliza kazi.